Nyumba Iliyoipa Barabara Mgongo

Kabla sijanunua hata tofali moja, nilikuwa mchunguliaji wa mapagale. Dodoma imejaa nyumba zilizoishia njiani. Nyingine zimefika kwenye msingi tu, nyasi zimeota katikati. Nyingine zimesimama kwenye linta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha. Nyingine boma limekamilika lakini halijapauliwa, na mchana mbuzi wanalala humo. Wengine wakipita wanaona tofali. Mimi nilikuwa najiuliza kwa nini mwenyewe aliachia hapo, asiachie kozi mbili chini au mbili juu. Jumapili nikitoka ibadani niliingia pagale lolote lililokuwa njiani, nikasimama katikati ya chumba kisicho na paa na kuanza kukisia. Hapa pangekuwa jiko. Hapa mtoto angelala. Huyu alihamishwa kazi. Hawa waligombana.

Udadisi huo niliuokotea kazini. Nilikuwa mama lishe upande wa Mtumba, miaka ile serikali ilipokuwa inahamia na kila uwanda ukageuka eneo la ujenzi. Niliwapikia mafundi ugali wa uwele na mlenda, na wali siku walizolipwa. Walipokula walizungumza nyumba, kama wavuvi wa Bahi wanavyozungumza maji. Nani kakosea kipimo cha ngazi, nani kaweka choo mbele ya jiko, nani kauza pagale kwa bei ya kutupa na aliyenunua kalimalizia na kuliuza kwa mtumishi mgeni. Habari hiyo ya mwisho niliisikia mara nyingi mpaka nikaanza kuuliza maswali huku nagawa mboga.

Shule niliacha kidato cha pili. Baba alikuwa ametangulia, mama akafuata, na nyuma yangu walikuwepo wawili: mdogo wangu wa kiume, na wa kike wa mwisho ambaye bado alikuwa anang'oka meno ya utoto. Wa kukoroga uji asubuhi alikuwa mmoja tu, basi nikakoroga. Miaka ikaenda. Wa kiume akapata pikipiki ya bodaboda. Wa kike akamaliza shule na kupata nafasi ya kusomea mifugo kule Mpwapwa. Tangu utotoni alikuwa mtu wa kufungua midomo ya mbuzi kuwatazama meno, kwa hiyo barua ilipofika hatukushangaa. Tuliogopa ada tu.

Wazazi walituachia majaruba ya mpunga Bahi. Mwaka wa mvua nzuri yalitulisha. Mwaka mbaya yalikuwa udongo uliopasuka. Tulikaa watatu kwenye mkeka nikawaeleza nilichokuwa nakiwaza. Tuyauze, tununue pagale moja, tulimalizie, tuliuze. Kitakachopatikana kimpeleke mdogo wetu chuoni mpaka amalize, na kinachobaki kituanzishie pagale la pili. Wa kiume aliuliza nikikosea itakuwaje. Nikasema nikikosea tutakuwa hatuna shamba na hatuna nyumba. Sikutaka aseme baadaye kwamba nilimficha.

Wa kike akaomba chuo kimsogezee nafasi yake mwaka mmoja. Walimkubalia, wakamwambia wazi kwamba hawatasogeza tena. Kwa hiyo tulijua mapema mwisho wetu uko wapi: nyumba iuzwe kabla kiangazi hakijaisha na wanafunzi wapya hawajaingia.

Pagale tulilolipata lilikuwa pembeni ya barabara ya vumbi, njia ya malori ya mchanga na kokoto. Lilikuwa limefika kwenye linta. Mwenyewe alikuwa mtumishi aliyeletwa Dodoma, akaanza kujenga kwa furaha, kisha akahamishiwa mkoa mwingine. Dalali alitaka tumalizane siku ile ile. Alikuwa mtu mwembamba mwenye simu mbili, na kila akiniona nimenyamaza alidhani namkatalia, akaongeza sifa. Nikamwambia anisubiri. Nilienda kwa majirani wa pande zote nikawauliza mpaka uko wapi, nikaenda kwa mwenyekiti wa mtaa, nikaenda ofisi ya ardhi kuhakikisha kwamba kiwanja ni cha yule anayekiuza. Dalali alininunia wiki nzima. Baadaye aliwaambia watu kwamba ndivyo alivyonifundisha.

Tulihamia humo humo. Nyumba ya kupanga tuliiacha, tukalala kwenye chumba kimoja tulichokiezekea bati kwanza, tukawa walinzi wa saruji yetu. Fundi wangu alikuwa mzee wa Kirangi kutoka milima ya Kondoa, miongoni mwa wateja wangu wa mlenda. Alikuwa hachelewi na hapokei simu wakati wa swala. Alinyanyua kuta zilizobaki, akapaua, akapiga lipu. Ramani tuliirithi kwa yule mtumishi, karatasi nzuri iliyochorwa Dar es Salaam: sebule mbele, inayotazama barabara, madirisha mawili mapana ya aluminiamu, kibaraza chenye nguzo; jiko na stoo nyuma. Nyuma kabisa palikuwa na mwarobaini mkubwa ambao kwenye ramani haukuwepo.

Nilimaliza kila kitu kama nilivyoona kwenye nyumba za wakubwa. Marumaru, dari ya jipsamu, rangi ya maziwa. Siku tuliyopachika madirisha yale mapana nilivuka barabara nikasimama upande wa pili kuitazama nyumba, na nikaona uso wake umechangamka. Mdogo wangu wa kiume alipita na abiria, akapiga honi, akaniita mama mwenye nyumba.

Kisha wakaanza kuja wateja.

Dalali aliwaleta jioni, baada ya saa za ofisi. Walikuwa watumishi, wengi wao wageni wa mji, wenye haraka ya kupata pa kuishi. Walisifu kibaraza wakiwa bado garini. Waliingia sebuleni, wakakaa kwenye viti tulivyoazima, wakauliza maji, umeme, hati. Kila kitu kilikuwepo. Halafu, hata kabla hatujafika vyumbani, mmoja alitazama saa, mwingine akamtazama mwenzake. Wakasema watatupigia.

Hakuna aliyepiga.

Dalali alikuwa na majibu. Kwanza alisema rangi. Nikabadilisha. Kisha akasema wanataka taa za darini. Mwishowe akasema kile alichokuwa akikitaka tangu mwanzo, kwamba nipunguze bei sana. Nilipiga hesabu kichwani. Kwa bei yake tungerudisha tulichotumia kwenye saruji na bati, lakini majaruba yangekuwa yamekwenda bure, na akiba yetu ndogo ya ada ya kwanza ikiisha Mpwapwa ingebaki kuwa jina la mahali mabasi yanapokwenda. Mdogo wangu wa kike alikuwa akitusikiliza huku anafagia. Alifagia sebule ile asubuhi, akaifagia mchana, na wateja wakikaribia akaifagia tena.

Kilichonisumbua, niseme ukweli, kilikuwa zaidi ya kukosa mteja. Ilikuwa ni kutojua sababu. Pagale likisimama unaweza kukisia. Lakini watu kuipenda nyumba kwa nje na kuikimbia kwa ndani ni jambo ambalo sikuwahi kulisikia kwa mafundi. Basi nikafanya jambo ambalo dalali aliliita wazimu. Nilitafuta namba ya mama mmoja aliyekuja na mumewe, mtu mpole aliyenishukuru kwa maji ya kunywa, nikampigia.

Nikamwambia, "Shikamoo mama. Sikupigii kukubembeleza. Nyumba mmeiacha, sawa. Nataka kujua tu ni nini hamkukipenda."

Aliitikia polepole, kama mtu anayetafuta miwani.

"Marahaba. Kwa kweli hata mimi sijui, mwanangu. Nilikaa pale sebuleni nikatamani kuondoka."

Nilimshukuru. Nikaenda kukaa kwenye kiti alichokalia.

Ilikuwa jioni ya katikati ya kiangazi. Mwanzoni nilisikia mabati tu, yakilalamika kama kawaida. Kisha nikasikia mlio mwembamba kwenye kingo za dirisha, kama mtu anapuliza kwenye mdomo wa chupa. Lori likapita. Nikaona, dhidi ya mwanga, vumbi jekundu likiingia pale ambapo hapakuwa na tundu. Ulimi wangu ukaanza kusaga mchanga. Sikukaa hata muda wa kunywa chai. Niliinuka nikaenda zangu nyuma, na nilipofika nyuma nikawakuta wadogo zangu wamekaa kwenye mkeka chini ya mwarobaini, wanachambua mboga, wanacheka jambo fulani.

Nikasimama mlangoni nawatazama.

Tangu tulipohamia, mkeka ule ulikuwa pale. Hakuna aliyeuweka kwa kukusudia. Tulikula pale, tukapokea wageni pale, mdogo wangu wa kiume alisafishia pikipiki pale. Kibaraza chetu chenye nguzo, ambacho kilitugharimu kuliko choo, sikuwahi kumwona yeyote kati yetu amekikalia. Hata kuku wa jirani walikuwa nyuma.

"Kwa nini hatukai mbele?" nikawauliza.

Mdogo wangu wa kiume alinitazama kama nimeuliza kwa nini hatulali barabarani. "Mbele kuna upepo, dada."

Kila mtu Dodoma anaujua upepo. Unavuma kutoka mashariki, upande uliko barabara yetu, kiangazi chote, na jioni unaongeza nguvu. Tunafunga vilemba, tunafunika sufuria, tunalaza ndoo ili zisiondoke. Tumeuzoea kiasi kwamba hatuutaji, na nilipokuwa najenga sikuutaja. Nilikuwa najenga nyumba ya wageni nikitumia macho ya wageni, nao walipokuja, walikuja na pua zao na koo zao pia.

Siku zilizofuata nilihama chumba hadi chumba. Asubuhi nilikaa jikoni, mchana kwenye chumba cha kulala cha kaskazini, jioni stoo. Niliwasha njiti za kiberiti kila chumba kuona moto unalalia wapi. Nilitandaza kanga nyeupe sakafuni na kuirudia baadaye kuona imekuwa na rangi gani. Mdogo wangu wa kike alivutiwa na kanga, akawa anazikagua kuliko mimi. Stoo yetu ya nyuma, chumba chenye kidirisha cha kupitishia mkono, ndiyo iliyokuwa mahali pazuri kuliko pote. Hewa ilikuwepo, vumbi halikuwepo, na jua la alasiri lilizuiwa na mwarobaini.

Nikamkumbuka bibi mzaa baba, kule Haneti. Tembe lake, nyumba ya udongo ya Wagogo, lilikuwa na ukuta mtupu kwa nje. Ukipita njiani usingejua kama mtu yupo. Milango yote ilifungukia uani, waliko ng'ombe na watu. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni kwa sababu hawakuwa na pesa za madirisha. Sikuwahi kumwuliza, na sasa hayupo wa kuulizwa. Labda ilikuwa ni kwa ajili ya ng'ombe, labda wezi, labda upepo. Bado najiuliza.

Nilimwita fundi nikamwambia nataka kuigeuza nyumba.

"Kuigeuza vipi, binti yangu? Si chapati hii."

Nikamwonyesha. Sebule iwe nyuma: tuvunje ukuta kati ya jiko na stoo, pawe chumba kimoja kikubwa, na madirisha yale mapana tuyahamishie huko, yatazame mwarobaini. Mbele, kwenye upepo, tuweke jiko, stoo na bafu, vyumba ambavyo mtu haendi kukaa, vyenye vidirisha vidogo juu. Kibaraza kizibwe. Geti lihamie kwenye uchochoro wa pembeni, mgeni aingilie uani.

Alizunguka nyumba nzima mikono ikiwa nyuma. Aliporudi aliniambia kwamba kwa miaka yote ya kazi yake hajawahi kujenga nyumba isiyo na uso.

"Uso upo, fundi. Umeangalia ndani."

"Na barabara je?"

"Barabara itatazama mgongo."

Akacheka mpaka akavua kofia. Nikamwuliza kama na yeye aliuona upepo tangu mwanzo. Akasema aliuona, lakini aliletewa ramani, na ramani haikuwa na upepo. Kwao Kondoa, alisema, mtu huchagua upande wa mlima kwanza ndipo achague mlango. Huku uwandani alidhani tuna namna yetu.

Lilibaki la fedha. Akiba tuliyokuwa nayo ilikuwa ya kumwandikisha mdogo wangu chuoni, sehemu ya kwanza ya ada, niliyokuwa nimeapa kutoigusa. Nikiitumia, na nyumba isiuzwe hata kwa bei ya dalali, asingewahi kufika chuoni kwa wakati. Nikamwita peke yake, nikamweleza hivyo hivyo, bila kupunguza. Nikamwambia akikataa nitaikubali bei ya dalali na hatutazungumza tena.

Alikuwa na ufagio mkononi. Akauegemeza ukutani.

"Una uhakika?"

"Sina. Nimekaa kila chumba, basi."

"Hayo madirisha wayazibe leo," akasema. "Kabla sijafikiria tena."

Waliyatoa madirisha mchana ule ule. Nilisikia kila tofali lililopangwa kwenye yale mapengo. Majirani walisimama barabarani kutazama. Mwanamke wa ng'ambo, mwenye duka, aliuliza kama tumeanza kujenga gereza. Mdogo wangu wa kiume alisema abiria wake wanamwuliza ile nyumba iliyonuna ni ya nani, naye anawaambia haijui. Dalali alikuja, akaona ukuta mtupu wenye vidirisha vitatu juu, akakaa juu ya mfuko wa saruji na kuzima simu moja. Alisema anatuombea. Kisha akaacha kuja.

Nyumba ilikamilika mara ya pili mwishoni mwa kiangazi, mibuyu ikiwa bado haina majani na upepo uko kwenye nguvu zake zote. Kwa kuwa dalali hakuja, nilirudi kwenye masufuria yangu Mtumba, na pale nikawa namtajia nyumba kila anayekula. Karani mmoja wa ofisi za wizara, mama wa makamo mwenyeji wa Tanga aliyependa mlenda wangu kuliko Wagogo wenyewe, aliniuliza kwa nini nyumba mpya imekosa mteja. Nikamwambia imeipa barabara mgongo. Akasema hiyo lazima aione.

Alikuja Jumamosi jioni, na makusudi nilimwita jioni. Alishuka barabarani, mtandio ukampanda usoni, vumbi la lori likampitia. Alitazama ule ukuta.

"Mlango wa mbele uko wapi?"

"Hakuna mbele, mama. Pita huku."

Tukakata uchochoroni, tukaingia getini, tukatokea uani. Alikuwa bado ameshikilia mtandio. Akauachia taratibu. Mdogo wangu wa kike alikuwa ametandika mkeka, mahali pake pale pale, na kuweka kiti. Mgeni alikipita kiti akakaa mkekani. Aliletewa maji kwenye glasi. Juu yetu matawi yalikuwa yanarushwa huku na huku, mabati ya majirani yalikuwa yanapiga kelele. Alikunywa nusu, akaiweka glasi chini, akaendelea kuzungumza habari za Tanga, za embe za kwao, za mumewe aliyestaafu na kifua chake kisichopenda mji huu. Muda mrefu. Sikutaja nyumba. Nilikuwa natazama glasi.

Alipotaka kunywa tena aliinyanyua, akaitazama kwenye mwanga. Maji yalikuwa safi, bila chembe ya vumbi.

"Huu upepo umeenda wapi?"

"Upo," mdogo wangu akamjibu. "Uko upande wa pili unatafuta mlango."

Akainuka mwenyewe, akazunguka mpaka barabarani kuhakikisha, akarudi anapepesa macho. Ndipo akaingia ndani. Alikaa sebuleni, akaenda jikoni, akarudi sebuleni. Hakutazama saa. Alisema atamleta mumewe kesho, na kesho yake alimleta. Mzee yule alikaa dirishani, akavuta pumzi, akavuta nyingine, akamwambia mkewe kwa sauti ya chini kwamba hapa atalala.

Hawakulipa bei ya kwanza niliyoitamani, wala ile ya dalali. Walilipa bei ambayo thamani ya majaruba ilirudi ndani yake na ada ikatoka. Tuliandikiana mbele ya mwenyekiti wa mtaa, na dalali, aliyepata habari sijui kwa nani, alifika kushuhudia na kumweleza kila mtu faida za nyumba kutazama magharibi. Nilimpa chochote kidogo. Miguu yake ilikuwa imechakaa kwa ajili yetu pia.

Mdogo wangu alisafiri kwenda Mpwapwa wiki moja kabla ya masomo. Sisi wawili tulirudi kwenye chumba cha kupanga na mkeka wetu. Jirani mwenye duka, nasikia, ameanza kuuliza gharama ya kuziba dirisha lake la mashariki.

Mimi nimepata pagale jingine, upande wa Nala. Limefika kwenye msingi tu, na sijalinunua. Nimelipelekea kiti. Jioni nikitoka kazini nakaa humo, mara kona hii, mara kona ile, fundi akipita ananiuliza kama nimeshalipata jibu.

Jana nilikuwa nimekaa hivyo simu ilipoita. Alikuwa mdogo wangu wa kike. Sauti yake ilikuwa na haraka ya mtu mwenye habari. Alisema wamepelekwa malishoni, na upepo ulipoanza kuvuma ng'ombe wote waligeuka wakaupa makalio.

"Wote?" nikamwuliza.

"Wote, dada. Isipokuwa mmoja."

"Huyo mmoja ana nini?"

"Sijui. Amesimama tu, anautazama."

Nikamwambia kesho amwangalie tena, saa ile ile, kisha anipigie.